Gari halipati moto asubuhi ya baridi: anza kwa kuitafuta themostati

Asubuhi ya Julai hapa Njombe, sakitu bado nyeupe kwenye nyasi, unapiga stata saa 12 na nusu, unasubiri kidogo, unaondoka. Unafika kazini mshale wa temperecha umejiinua kidogo tu kutoka kwenye C. Hita inapuliza upepo wa friji. Injini imepandisha sailensa (mzunguko wake ikiwa haijakanyagwa mafuta) muda wote, na kama ni gari la otomatiki, gia ya mwisho inagoma kuingia mpaka umeshakaribia kufika. Ukiuliza, unajibiwa: "Ni baridi ya huku tu."

Siyo baridi. Gari hilo hilo limetoka Japani, nchi yenye miji inayofunikwa na theluji kwa miezi, na huko lilikuwa linapata moto vizuri. Nyuzi 6 au 8 za Njombe, Makete, Limuru au Timboroa haziwezi kulishinda. Injini ikichelewa hivyo, kuna kitu kimeharibika au kimetolewa, na huku kwetu mara nyingi sana kimetolewa.

Kitu chenyewe ni themostati. Ni mlango mdogo wa chuma unaoenea kwenye kiganja, una springi, na katikati una kichupa cha shaba chenye nta ndani. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini peke yake, hayaendi kwenye rejeta. Yakifika nyuzi 82 hivi nta inavimba, inasukuma mlango, na maji yanaanza kupita kwenye rejeta kupozwa. Yakipoa kupita kiasi mlango unarudi. Hakuna waya wala kompyuta hapo. Ni nta na springi.

Sasa gari likichemsha siku moja, fundi anafungua, anakuta kidude hiki. "Bosi, hiki kinaziba maji. Huku Afrika hakina kazi." Kinatupwa kwenye debe la vyuma chakavu, gari linaondoka, mshale uko chini, mwenye gari amefurahi. Probox yangu niliinunua Dar es Salaam ikiwa tayari imefanyiwa hivyo. Dar sikugundua kitu. Nilipoipandisha huku ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini inakunywa mafuta kuliko ya jirani yangu yenye injini ile ile.

Ile hoja ya "Afrika joto" naipinga kabisa. Joto la Dar la nyuzi 32 bado liko mbali sana na 82. Injini imepimwa na kuchongwa ifanye kazi ikiwa kwenye themanini na kitu, iwe Dar, iwe Sapporo ya Japani. Ikibaki kwenye 55, kompyuta inasoma kwamba bado ni baridi na inaendelea kumimina petroli nyingi, kama gari la zamani lililoachwa choki imevutwa siku nzima. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unyevu unaotokana na mwako nao haupati joto la kuukausha, unabaki umechanganyika na oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili; ukiona chini yake utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, umeuona ugonjwa wenyewe.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa kitu

Gari lilale nje usiku kucha. Asubuhi andika saa uliyowasha na namba ya kilomita, kisha endesha kama kawaida. Injini ndogo ya petroli, cc 1300 hadi 1500, hata kwenye ubaridi wa nyuzi 8, inatakiwa mshale wake ufike mahali pake pa kawaida ndani ya dakika 5 hadi 10 za mwendo. Ukiiacha inaunguruma tu imesimama itachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo usipime kwa kusimama. Magari mengine hayana mshale, yana taa ya bluu inayozimika injini ikianza kupata joto. Angalia inazimika baada ya kilomita ngapi.

Kuna dalili moja ambayo sisi wa milimani tunaipata bure. Tafuta mlima mrefu na mteremko mrefu. Kama mshale unapanda unapopanda, halafu ukiteremka bila kukanyaga mafuta unaanza kushuka taratibu kurudi chini, mlango uko wazi muda wote au haupo. Themostati nzima haikubali hilo: ikihisi maji yanapoa inafunga, mshale unakaa palepale.

Mshale lakini una uongo wake. Kwenye Toyota nyingi ukishafika katikati unakaa hapo hapo hata joto likibadilika nyuzi nyingi juu na chini, umetengenezwa hivyo ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukitaka namba halisi, nunua kile kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluetooth. Ni cha bei nafuu na kitakusaidia mambo mengine mengi. Yangu ilinionyesha nyuzi 61 baada ya kilomita 14 za lami, na ilikuwa haipandi tena. Taa ya injini ikiwaka na kidude kikasoma P0128, kompyuta yenyewe inakwambia maji hayafiki joto linalotakiwa.

Hatua ya 2: Shika rejeta na mipira yake

Asubuhi nyingine, injini baridi, fungua boneti. Vua skafu, kunja mikono ya koti, aliyejifunga shuka aliweke pembeni: feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila taarifa, na mkanda hauna huruma. Washa. Kila baada ya dakika moja gusa mpira wa juu wa rejeta, mpira wa chini, na bati la rejeta lenyewe.

Kwenye gari zima, rejeta inabaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata moto, halafu ghafla unasikia joto linaingia. Kwenye gari lisilo na themostati vyote vinaanza kuwa vuguvugu mapema, pamoja, polepole. Usihukumu kwa mpira wa juu peke yake. Injini nyingi za Toyota, hizi za Probox, Vitz na IST zikiwemo, themostati yao inakaa upande wa mpira wa chini, kwa hiyo mpira wa juu unaweza kupata uvuguvugu hata mlango ukiwa umefungwa. Rejeta ndiyo shahidi.

Hatua ya 3: Ondoa sababu nyepesi kwanza

Angalia maji. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, siyo kopo la akiba peke yake. Maji yakipungua sana hita inapuliza baridi na mshale unaweza kudanganya, maana sensa inapima mvuke badala ya maji. Na hapa niseme kwa herufi nzito: kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi, hata kwa tambara, hata kwa haraka gani. Yale maji yanatoka na presha na yanachubua ngozi ya uso.

Kisha sikiliza feni. Zima AC, hakikisha na kile kitufe cha kufuta ukungu kwenye kioo cha mbele kimezimwa, maana kwenye magari mengi kinawasha AC kimyakimya. Washa injini ya baridi. Feni ikianza kuzunguka hapo hapo, ama imeungwa "direct", ama sensa ya joto imekufa au waya wake umechomoka na kompyuta imeamua kuwasha feni kwa usalama. Fuata waya wa feni kwa macho; ukikuta waya mpya umepita pembeni ya fyuzi na kuungwa na selotepu nyeusi, umepata jibu, au nusu ya jibu. Aliyeunga feni direct mara nyingi ndiye huyo huyo aliyetoa themostati.

Kwa Hiace na Hilux za zamani, zile feni zinazozungushwa na mkanda wa injini, kinachoharibika ni klachi yake kuganda. Feni inanguruma kama lori kila ukikanyaga mafuta, asubuhi, mchana na usiku.

Hatua ya 4: Kabla ya kurudisha themostati, uliza kwa nini ilitolewa

Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayoua injini. Themostati haitolewi bila sababu. Gari lilikuwa linachemsha. Ukiirudisha bila kutibu kilichokuwa kinachemsha, unaurudisha ugonjwa wa kwanza.

Tazama rangi ya maji. Yakiwa ya kutu, mekundu kama udongo wa barabarani, rejeta imekaa miaka na maji ya bomba au ya mto na vijia vyake vyembamba vimeziba. Injini ikishapata moto, izime kwanza, kisha pitisha mkono juu ya uso wa rejeta: sehemu iliyobaki baridi katikati ya joto imeziba. Angalia raba ya kifuniko cha rejeta, kama imekauka na kupasuka kifuniko hakishiki presha, na huku juu presha ni muhimu kuliko pwani. Hakikisha feni inawaka yenyewe joto likipanda. Mwisho, washa injini baridi na ushike mpira wa juu: ukikakamaa kwa presha ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ni baridi, au ukiona mapovu mfululizo kwenye kopo la akiba, silinda hedi au gasketi yake ina tatizo. Simama hapo, peleka gari kwa fundi mwenye vipimo.

Ule utando wa chai ya maziwa nao unaweza kuwa dalili ya gasketi. Tofauti yake ni hii: kama ni unyevu wa injini isiyopata moto, stiki ya oili inatoka safi na maji hayapungui. Oili yenyewe ikiwa imegeuka maziwa kwenye stiki, usiendeshe.

Halafu kuna aina za themostati zenye sahani ya pili kwa chini. Sahani hiyo kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikishapata moto, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati ya namna hiyo, njia ya mkato inabaki wazi daima na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Kwa hiyo gari linaweza kuchelewa kupata moto asubuhi na likachemsha mchana kwenye mlima, yote mawili, kwa kosa moja.

Hatua ya 5: Nunua, kisha ichemshe jikoni

Nenda duka la spea na namba ya chesi na aina ya injini, siyo jina la gari tu. Ukiipata, igeuze usome namba iliyogongwa kwenye chuma: 82, 88, au nyingine, kulingana na injini. Chukua ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Muuzaji akikushauri ya namba ndogo "ili injini ipoe zaidi", mshukuru uendelee na ile uliyokwenda kununua.

Hata mpya, ipime. Chukua sufuria kuukuu, ambayo haitarudi kupikia chakula, weka maji, ining'inize themostati kwa uzi isiguse chini. Pandisha moto taratibu ukiwa na kipimajoto. Ya 82 inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika karibu 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Itoe, iache ipoe, iangalie inavyojifunga; imulike kwa tochi, mwanga usipenye pembeni.

Hapa kuna jambo ambalo mwongozo ulioandikwa pwani haukwambii. Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Kadiri unavyopanda mita 300 hivi, kiwango kinashuka nyuzi 1. Njombe, kama mita 2,000 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 93 hivi. Kitulo yanachemka mapema zaidi. Kwa hiyo themostati ya 88 kwenye sufuria ya Njombe itafunguka kidogo tu, na wewe utaiona mbovu wakati ni nzima. Kuongeza chumvi hakusaidii cha maana. Iamini kama imeanza kufunguka kwa namba yake na imejifunga vizuri ilipopoa. Ndani ya gari haina shida hiyo kwa sababu kifuniko cha rejeta kinashikilia presha.

Hatua ya 6: Kuifunga

Injini iwe baridi kabisa. Weka beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta, maji yatoke. Kama ni kulanti, ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta, usiimwage uwanjani: ina ladha tamu na ni sumu; mbwa na watoto wanaweza kuinywa. Ifungie kwenye dumu.

Fuata mpira mpaka unapoingia kwenye injini. Pale kuna kifuniko cha alumini kilichoshikwa na nati mbili au tatu, nyingi spana namba 10. Fungua, vuta. Kama ni tundu tupu, sasa unajua. Kama themostati ipo, angalia kama imeganda ikiwa wazi, pengine kipande cha kutu kimekwama mlangoni.

Futa sehemu za kukutania mpaka zing'ae, kwa kitambaa na kipande cha plastiki, siyo bisibisi, maana alumini ikichorwa itavuja. Valisha raba mpya kwenye ukingo wa themostati. Upande wa springi unaelekea ndani ya injini. Kile kipini kidogo kinachocheza kwenye tundu ukingoni kiwe juu, maana hewa inatokea hapo. Usipake silikoni juu ya raba. Vile vipande vya silikoni vinavyokatika vinasafiri mpaka kwenye rejeta na kuziba vijia. Kaza nati zamu kwa zamu, kidogo kidogo. Boliti za hapo ni ndogo, nguvu ya kiwiko inatosha.

Hatua ya 7: Kujaza na kutoa hewa

Usirudishe maji ya mto. Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kitaalamu, yale ya betri yasiyo na tindikali, au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Probox inameza karibu lita 5. Faida yake kubwa kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka; kuganda huku si tatizo, mchanganyiko huo unavumilia zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri.

Mimina polepole, ukiminya mipira kwa mkono uone mapovu yanatoka. Weka hita kwenye moto kabisa, feni ya ndani ndogo. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Mara unapohisi mpira wa chini na rejeta vimepata moto na mapovu yamekwisha, jaza na ufunge kifuniko. Kwenye miinuko yetu usiache wazi zaidi ya hapo, maji yatachemka na kurushwa kabla ya yale ya Dar. Asubuhi inayofuata, injini baridi, fungua tena. Karibu kila mara yatakuwa yamepungua kidogo.

Yangu siku hiyo ilifika nyuzi 83 baada ya kilomita 6, na ikakaa hapo mteremko mzima.

Namna ya kuondoka asubuhi

Ukishatengeneza, usirudi kwenye mazoea ya kuunguruma robo saa uani. Washa, subiri nusu dakika hadi dakika moja oili ipande, futa sakitu kwenye vioo, ondoka. Kilomita za mwanzo usivuke mizunguko 2,500 na usipande mlima kwa fujo. Injini inapata joto kwa kufanya kazi. Na usiliungurumishe ndani ya banda lililofungwa, wala usiweke jiko la mkaa karibu na gari: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua vilevile kama ya jiko lililoingizwa chumbani usiku wa baridi.

Oili nayo itazame. Injini iliyoandikiwa 5W-30 ikiwekewa 20W-50 "kwa sababu ni nzito na inalinda", asubuhi inazunguka kama inakoroga asali. Ile namba ya kabla ya W ndiyo inayohusu baridi.

Wenye dizeli wavumilie zaidi. Dizeli ikiunguruma bila mzigo inatoa joto kidogo sana, inaweza kukaa nusu saa uani isifike popote. Kwake kuondoka taratibu ndiyo dawa. Ikitoa moshi mweupe na kutetemeka asubuhi, subiri taa ya hita plagi izimike kabla ya stata, na kama bado, pima plagi moja moja.

Utando wa chini ya kifuniko cha oili upanguse leo kwa kitambaa, na kama oili ina harufu ya petroli, imwage uweke mpya. Baada ya wiki mbili fungua tena kifuniko. Ukikuta chuma kikavu chenye oili safi, maliza. Ukikuta utando umerudi na gari halina safari fupi fupi za kilomita 2, rudi Hatua ya 1 na kidude cha OBD mkononi.